Nafasi ya Vidole Viwili

Tulishuka Kachibora jioni, vumbi likiwa limetuvika rangi moja sote: mimi, mama, kikapu cha ndizi na kuku aliyefungwa miguu. Ilikuwa Desemba 1986, nami nilikuwa na miaka kumi. Safari ilianza Bungoma alfajiri. Tulipita Webuye, harufu ya kiwanda cha karatasi ikaingia ndani ya basi na kukataa kushuka mpaka Kiminini. Kitale tulifika jua likiwa utosini. Hapo tukahamia pikapu ya Peugeot 404 iliyofunikwa turubai nyuma, mabenchi mawili yakitazamana na magoti ya abiria yakipishana kama vidole. Kutoka Kitale kwenda mashariki barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na kila gari tulilokutana nalo lilituachia wingu lake.

Mama alikuwa akinipeleka kwa ndugu yake. Sisi Wabukusu mjomba tunamwita khocha, na mtoto akitumwa kwa khocha wake hujua anakwenda mahali ambapo ataombwa kazi na atapewa nyama. Mkewe, niliyemwita Anti, alikuwa amejifungua miezi mitano nyuma, na mahindi shambani hayakuwa na subira. Nililetwa kulea mtoto. Mama alilala usiku mmoja, akatuachia ndizi na kuku, akaondoka na gorogoro tatu za maharagwe. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Hakugeuka nyuma, nami nilielewa kwamba angegeuka tungelia wote wawili.

Ukitaka kuijua Kachibora ya siku hizo, amka na mimi asubuhi. Fungua mlango polepole, maana bawaba zinalia na mtoto bado amelala. Moshi wa jikoni unakutangulia nje, unatambaa chini chini juu ya nyasi zenye umande kwa sababu hewa ni baridi na haiuachi upande. Baridi hiyo mtu wa Bungoma haijui. Inaingia kwenye nyayo, inapanda mpaka magotini, inakaa hapo. Mashariki milima ya Cherangani imesimama, buluu iliyoiva, na jua linachelewa nyuma yake. Kwarara wanapita wawili wawili wakipiga kelele zao za kugombana. Mashambani mabua ya mahindi yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu, yameegemeana vichwa. Karibu yote ni 614, ile mbegu ya Kitale ambayo mahindi yake ni marefu kiasi kwamba mtoto akiingia ndani hupotea mpaka aitwe.

Tulikaa kwenye nyumba mbili za udongo ndani ya boma la bibi mmoja wa Kikalenjin tuliyemwita Kogo. Asubuhi alitusalimu, "Chamgei," nasi tulimjibu, "Chamgei," kisha yeye naye, kwa heshima ya wageni wake, alijaribu "Mulembe" akicheka kwa kuona neno limemkalia vibaya mdomoni. Mursik yake aliihifadhi kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, na mpaka leo nikinusa maziwa yaliyolala karibu na moshi namwona akikitikisa kibuyu kile taratibu, akikisikiliza kwa sikio kama mtu anayesubiri jibu.

Khocha hakuwa na shamba lake mwenyewe Kachibora. Alichokuwa nacho ni katapila. Kwa haki halikuwa lake, lilikuwa la mwenye kandarasi mmoja wa mjini, lakini kuanzia sokoni mpaka mtoni lilijulikana kuwa la khocha, na yeye alijulikana kwa hilo. Lilikuwa Caterpillar 955, lile lenye ndoo kubwa mbele ya kuchotea na kupakia, na minyororo badala ya magurudumu. Umri wake hakuna aliyeujua. Rangi ya manjano ilikuwa imebaki kwenye mikunjo na pembe ambazo mikono na mawe hayafiki. Kwingine kote kulikuwa kutu, mafuta na chuma kilichong'arishwa na kazi. Kiti chake kilikuwa gunia lililojazwa maganda ya mahindi.

Kazi iliyomleta ilikuwa bwawa. Lilichimbwa wakati wa walowezi, kwa ajili ya ng'ombe wa mzungu mmoja ambaye jina lake lilikuwa limeshapinda katika ndimi za watu hata halikuwa tena jina la mzungu. Baadaye shamba lilinunuliwa kwa hisa, likakatwa vipande, na bwawa likabaki la wote. Cha wote kilikuwa kimejaa udongo. Matete yalikuwa yameota katikati, na mwezi wa Februari ng'ombe walisimama ukingoni wakilamba tope. Mwaka huo wenye hisa walichanga. Aliyekuwa na pesa alitoa pesa, asiye nazo alitoa gunia la mahindi la kilo tisini, na wanawake waligawana zamu za kuwapikia waendeshaji.

Siku ya pili Anti alinifundisha kubeba mtoto. Alinigeuza, akamweka mgongoni mwangu, akazungusha leso na kuifunga kifuani. Nilitembea hatua tano mtoto akaanza kulia. "Umembana," alisema, ingawa aliyefunga ni yeye. Nilikuwa nimevuta fundo kwa woga wa kumwangusha. Nililegeza. Nikatembea tena, mtoto akateremka mpaka kiunoni, kichwa chake kikayumba kila nilipokanyaga. Anti akacheka, akaja, akafunga upya, kisha akapenyeza vidole viwili kati ya leso na mgongo wa mtoto. "Vikiingia viwili bila kusukumwa, basi. Mtoto lazima apumue, na wewe lazima ukimbie ukitumwa."

Khocha alikuwa amekaa kizingitini akinywa chai. Aliweka kikombe chini. "Hata mimi yule wangu namfunga hivyo hivyo," alisema. Nilidhani anazungumza juu ya mtoto mwingine.

*

Betri ya katapila ililala nyumbani kwetu. Kila jioni taniboi, msaidizi wa khocha, kijana wa miaka kama ishirini hivi, aliibeba begani kutoka bwawani, akaiweka jikoni hatua chache kutoka mafigani, kwa sababu baridi ya usiku iliinyonya nguvu. Asubuhi aliibeba kuirudisha, nami nikafuata nyuma na mtoto mgongoni, birika la chai mkono mmoja na kopo la Kasuku mkono mwingine. Kopo hilo zamani lilikuwa la mafuta ya kupikia. Sasa lilikuwa la grisi. Picha ya yule ndege wa kijani bado ilionekana chini ya alama za vidole vyeusi.

Njia ilishuka kati ya mikaratusi. Majani yake yaliyokauka yalivunjika chini ya miguu na kutoa ile harufu ya dawa ya mafua. Kisha, kabla hujaliona bwawa, ulilinusa: tope jeusi la miaka ishirini, limefunguliwa tumbo, lina harufu ya mizizi, ya samaki na ya kitu kilichofungiwa siku nyingi. Korongo wenye taji walikuwa upande wa pili wakitembea kwa maringo ukingoni, na katapila lilipowaka walirushwa na mngurumo wa kwanza, wakazunguka hewani, wakarudi kutua palepale.

Mngurumo huo ulianza kwa kikohozi. Moshi mweusi ulitoka, ukafuatwa na mweupe, halafu injini ikatulia kwenye sauti nzito ambayo uliihisi tumboni kabla ya masikioni. Khocha aliiacha ipate joto. Hakuwahi kuondoka mara moja. Alikaa juu ya gunia lake, mikono magotini, na midomo yake ilikuwa ikisogea. Nilidhani anaomba. Siku moja nilimuuliza, akaniambia alikuwa akihesabu sauti: ya feni, ya pampu, ya vali, moja moja, kuona kama zote zimeamka.

Sisi watoto tulijua sauti moja tu, ya minyororo. Kwetu katapila lilivaa viatu. Hata mafundi waliviita hivyo, viatu, zile sahani za chuma zilizofungwa kwa bolti kwenye cheni, kila moja ikiwa na mbavu tatu za kushika ardhi. Lilipotembea juu ya jiwe viatu vililia kama sahani zinazorundikwa na mtu mwenye hasira, na kwenye tope vililia kwa kufyonza, kama mtu anayekunywa uji wa moto.

Nilimwuliza khocha kwa nini linaitwa katapila. Alisema ndivyo lilivyokuja. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mwalimu, ndipo nilipoipata habari yenyewe. Marekani, karibu na mji wa Stockton huko California, udongo ulikuwa laini kiasi kwamba trekta za mvuke zilizama. Benjamin Holt akaondoa magurudumu ya nyuma ya trekta moja, akaweka mikanda ya cheni na mbao mahali pake, na tarehe 24 Novemba 1904 akaijaribu shambani. Haikuzama. Inasimuliwa kwamba mpiga picha wake alipoitazama alisema inatambaa kama kiwavi, na kiwavi kwa lugha yao ndiye huyo katapila. Mwaka 1925 jina likawa la kampuni. Nilicheka peke yangu darasani. Trans-Nzoia yote, hakuna aliyechukiwa kuliko kiwavi jeshi, anayeingia mahindi usiku na kuyaacha mifupa mitupu; kumbe siku zote tulikuwa tukimshangilia kiwavi mwingine, wa manjano, anayetuchimbia maji.

*

Ilikuwa kama wiki ya pili niliposikia sauti mpya. Katapila lilikuwa likipanda kutoka chini ya bwawa, ndoo imejaa, na upande wa kushoto kulikuwa na kofi. Kila hatua chache, kofi. Kiganja kipana cha chuma kinapiga chuma. Khocha alisikia pia. Alimwaga udongo, akalipeleka katapila mahali tambarare, akaliacha litembee mbele polepole na kusimama lenyewe bila kukanyaga breki. Kisha akazima injini. Kimya kikaja ghafla hivi kwamba tukasikia mtoto akipumua mgongoni mwangu.

"Leta macho yako hapa," aliniambia.

Nilisogea. Mnyororo wa kushoto, upande wa juu, ulikuwa umelala. Kati ya rola ndogo ya juu inayoubeba na gurudumu kubwa la mbele lisilo na meno, lile waliloliita aidla, ulining'inia kama kamba ya kuanikia nguo iliyobeba blanketi mbichi. Khocha alieleza huku akionyesha kwa spana. Nyuma kuna gurudumu lenye meno, sproketi, ndilo linalovuta. Mbele kuna aidla, linaloongoza. Kati yao, chini, rola zinazobeba uzito wote. Cheni inaundwa kwa vipande vilivyounganishwa kwa pini na bushi, na kila siku pini na bushi zinasuguana, zinalika unyoya mmoja hapa, unyoya mmoja pale. Chuma hakijarefuka, lakini mnyororo umerefuka. Ukiuacha hivi utapiga makofi, utaruka meno ya nyuma, na siku ya kupiga kona kwenye mteremko katapila litavua kiatu. Hatukutaka livue kiatu. Kuurudisha mnyororo mzima kwenye tope ni kazi ya mitaimbo, jeki na wanaume wanane, na huenda ikachukua siku mbili.

Alichukua fito iliyonyooka ya mkaratusi, akailaza juu ya mnyororo, ncha moja juu ya rola, nyingine juu ya aidla. Akaniambia niweke vidole kati ya fito na kiatu kilichoshuka zaidi. Mkono wangu mzima uliingia ukasimama wima.

"Unatakiwa kuwa inchi moja, sana sana moja na nusu," alisema. "Vidole vyangu viwili. Vyako vitakuwa vitatu."

Nikamtazama, naye akaitazama leso yangu. Ndipo nilipokumbuka kizingiti na kikombe cha chai.

Kilichofuata nilikiona mara nyingi mwezi ule, na ningeweza kukieleza nikiwa usingizini. Pembeni, kati ya mikono ya chuma inayobeba rola, kulikuwa na kifuniko. Taniboi alikifungua. Ndani kulikuwa na tope lililokauka, akalikwangua kwa kijiti, akalifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa mpaka nipo ikaonekana, kile kichuchu kidogo cha shaba kinachopitisha grisi. Khocha alikagua usafi wake kwa kidole. Alisema punje moja ya mchanga ikiingia humo, itakula raba za ndani kama panya kwenye gunia. Kisha taniboi alijaza bomba la mkono kwa grisi ya kopo la Kasuku. Grisi ile ilikuwa ya rangi ya asali iliyoungua, ikivutika kama mrenda ulioiva vizuri. Alibana mdomo wa bomba kwenye nipo, akaanza kusukuma.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Mara kumi, mara ishirini. Mishipa ya mkono wake ilisimama. Kisha, kidogo kidogo sana, aidla likaanza kwenda mbele. Hapo ndipo nilipoelewa: ndani kuna silinda, grisi inajaa humo, inasukuma pistoni, na pistoni inalisukuma gurudumu. Kitu laini kama mrenda kilikuwa kikisogeza chuma ambacho wanaume kumi wasingeweza. Mnyororo ukainuka, ukajinyoosha, ukatoa mlio mdogo, kama mtu anayenyoosha mgongo asubuhi.

"Basi," alisema khocha. Aliwasha injini, akalipeleka katapila mbele urefu wake mara mbili, akarudi nyuma, akaliacha tena lisimame lenyewe, ili mnyororo ukae unavyotaka kukaa. Akaniita. Nikalaza fito, nikatia vidole. Viwili viliingia kwa urahisi, cha tatu kikakwama.

"Bado unabana?"

"Kidogo," nilisema.

Akatia vyake. Akatikisa kichwa kukubali. Hakuupunguza palepale; alisema upande huo ungepata nafasi yake kwa kazi ya nusu siku, tupime tena jioni. Jioni tulipopima vidole vyangu vitatu viliingia, na yeye akaikata fito ile ikawa fupi, akatia alama mbili kwa kisu kwenye kipande kilichobaki, moja ya inchi na nyingine ya inchi na nusu. Akanipa. Kuanzia siku hiyo kazi ya kupima ilikuwa yangu. Kogo aliposikia alishika shavu. "Msichana na grisi?" aliuliza. Khocha akamjibu kwa upole, "Ana vidole, Kogo. Mnyororo hauulizi vya nani."

*

Taniboi alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Wakati wa chakula tulisikiliza Sauti ya Kenya, salamu za watu waliosalimu watu waliosalimu watu. Mwaka ule kazi ya bwawa la Turkwel ilikuwa imeanza kule Pokot, kaskazini yetu, na malori yenye vyuma virefu yalipita Kitale yakielekea huko. Taniboi alitaka kwenda. Ukuta wake ungekuwa wa mita 153, alisema, akaonyesha juu ya mikaratusi, halafu juu zaidi, halafu akakosa mahali pa kuonyesha. Alitaka awe opereta kabla ya kuondoka, ndiyo maana alifanya kila kitu kwa bidii kupita kiasi.

Jumamosi moja khocha alikwenda Kitale kutafuta spea. Taniboi akaamua kumfurahisha. Alichota maji ndoo kwa ndoo, akaiosha minyororo yote miwili mpaka kila kiatu kikang'aa, akakwangua tope kwenye meno ya sproketi na kwenye rola. Katapila lilikuwa zuri kama la kwenye kalenda. Kisha akapima, akaona mnyororo umelegea, akasukuma grisi mpaka ukakaa sawasawa. Mimi mwenyewe ndiye niliyeshika fito. Vidole vitatu, bila shaka yoyote. Tulifurahi sote wawili.

Jumatatu khocha aliliteremsha bwawani. Hakufika chini. Tope jeusi liliingia kwenye meno ya nyuma, likajipakia kati ya pini na sproketi, likakaza kama ugali kwenye sufuria iliyosahauliwa. Mnyororo haukuwa tena na mahali pa kwenda. Ulianza kuguna. Sijui neno lingine la sauti ile. Ilitoka ndani ya chuma, nzito, ya maumivu, na injini ikalemewa kana kwamba inapanda mlima ilhali inashuka. Khocha alisimama papo hapo.

Alishuka, akauzunguka mnyororo mara moja, akaugonga juu kwa ubapa wa spana. Ulilia kama kengele. Hakuuliza ni nani. Alitutazama sote wawili, taniboi na mimi na fito yangu, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mliupima ukiwa umeoga," alisema. "Lakini hauendi kanisani. Unakwenda kwenye tope. Upimeni na tope lake."

Kisha akatufukuza. Mimi na mtoto tulikwenda nyuma ya kichuguu, na watoto wengine wote waliokuwa wakitazama wakaja nyuma yetu. Kuongeza grisi kulikuwa kazi ya kila mtu, lakini kuitoa ilikuwa yake peke yake. Iliyokuwa imebanwa ndani ya silinda ile, alisema, ikipata upenyo mwembamba huruka na kuingia ndani ya ngozi kama sindano, na hakuna dawa ya kuinyonya. Nilichungulia. Alikaa upande, uso wake mbali na kile kishimo, mkono umenyooshwa kadiri unavyofika. Aliizungusha vali polepole, mzunguko mmoja, hakuongeza. Tulisubiri. Grisi ikaanza kutoka, nene, bila haraka, kama mdudu anayeamka. Mnyororo ukashuka unywele mmoja, ukashuka mwingine. Aliifunga vali, akalitikisa katapila mbele na nyuma, akapima na tope likiwa ndani, akaifungua tena kidogo. Alipomaliza alipangusa paji la uso kwa nyuma ya mkono, akaacha mstari mweusi.

Kwenye mteremko ule kiatu kimoja kilikuwa kimepasuka. Kilifunguliwa bolti nne, kikatupwa ukingoni, kikawekwa kingine kilichotoka Kitale. Taniboi hakula mchana ule. Khocha alimpelekea chakula mwenyewe, wakakaa juu ya kichuguu, na nilimwona akimwonyesha kitu kwa mikono: viganja viwili vimebanwa, kisha vimeachiliwa kidogo, kisha vimeachiliwa mno. Sikusikia maneno. Wiki iliyofuata taniboi aliendesha siku nzima, khocha akiwa chini ya mkaratusi, macho amefumba, akisikiliza.

*

Walipofika sakafu ya zamani ya bwawa waliwakuta kambare. Walikuwa wamejizika kwenye tope, weusi, wenye masharubu, na ndoo ilipoinuka walianguka kutoka kwenye meno yake wakirukaruka. Watoto wa Kachibora yote walikuwa humo, tope hadi mapajani. Usiku huo Anti aliwakaanga, harufu ikafika kwa Kogo, naye akaja na kibuyu chake ingawa samaki hakuwa mtu wake. Aliketi, akala kipande kimoja, akasema ana ladha ya udongo mzuri.

Krismasi ilipita. Januari shule zilikaribia kufunguliwa, mtoto alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, na mama akaja kunichukua. Siku ya kuondoka nilikwenda bwawani kuaga. Lilikuwa shimo jekundu, safi, kavu, na nilihuzunika kwamba sitaliona likijaa. Khocha alikuwa juu ya gunia lake. Alizima injini kwa ajili yangu, jambo ambalo hakulifanyia mtu mwingine. Nikampa fito. Akaigeuza, akaziangalia alama mbili, akanirudishia. "Utahitaji huko uendako," alisema. Nilidhani anatania, maana Bungoma hatukuwa na katapila.

Mvua zilikuja Aprili. Anti aliandika barua kwamba maji yamefika kwenye mizizi ya mkaratusi wa kwanza. Taniboi alikwenda Turkwel. Katapila liliendelea kwa miaka kadhaa, bwawa hadi bwawa, mpaka spea zikakosekana na likauzwa kwa kilo. Khocha alizeeka kwao Bungoma, masikio yamekufa kwa injini, lakini ukimshika mkono aliweza kukuambia kama gari linalopita barabarani lina bearingi mbovu. Tulimzika mwaka ambao mtoto yule niliyembeba mgongoni alikuwa baba wa watoto wawili.

Nimefunga leso nyingi tangu Desemba ile. Nimefunga watoto wangu, na sasa nawafungia mabinti zangu wa kwao, na kila mara nachomeka vidole viwili kabla ya kuachia fundo. Darasani pia, miaka thelathini, nilijifunza kwamba mtoto niliyempima akiwa ameoga, mbele ya mkaguzi, hakuwa yule ambaye angelazimika kutembea nyumbani kwenye tope lake. Wengine niliwabana mno. Nilipowasikia wakiguna, nilikumbuka mkono ule ulionyooshwa, mzunguko mmoja, bila haraka.

Nilirudi Kachibora baada ya Kogo kuondoka na nyumba zake kuanguka. Barabara imebadilika, soko limepanuka. Njia ya mikaratusi bado inashuka, na chini yake bwawa lina maji. Wanawake walikuwa wakifua, ng'ombe wakinywa upande wa pili, korongo wenye taji wakipita katikati yao. Kile kiatu kilichopasuka kiko palepale kilipotupwa, kimezikwa nusu kwenye ukingo, mbavu zake tatu juu, zimelainishwa na nyayo za watu waliokwangulia tope hapo kwa miaka mingi. Kiko upande wa kushoto, chini ya mkaratusi wa kwanza. Ukifika na miguu yako imechafuka, kitumie.